Kabla Hujafungua Ini la Kwanza

Kalangalala, Geita
Jioni, buchani

Minza mwanangu,

Marahaba, kwa ile shikamoo utakayonipa ukirudi kutoka kwa shangazi yako. Mimi ni mzima, na nyama ya leo imekwisha mapema. Nimefunga dirisha la mbele, nimeosha meza, nimekaa kwenye kigogo cha kukatia mifupa, naandika kwa mwanga unaoingia mlangoni. Barua hii usiitie sandukuni ukaisome kwenye treni. Isome leo, kwa sababu jana uliniuliza jambo na jibu lake limo humu.

Ningeweza kukujibu kwa mdomo. Lakini wewe na mimi tukianza kuzungumza huwa tunaishia kucheka, na hili sitaki tulicheke kabla sijalimaliza. Habari za sweta, za kutunza pasipoti na za kula vizuri, shangazi yako amekwisha kuzisema zote, na najua anazirudia hata sasa hivi. Mimi naziruka.

Jana tulikuwa tunakula. Uliweka tonge chini ukasema, "Baba, wale sungura wa huko Ulaya ninakokwenda, mwisho wao nitawaua mimi."

Nikasema, "Si ulisema ni kuwapiga picha?"

"Picha kwanza. Halafu lazima kila mmoja afunguliwe, tulitazame ini lake, tuone kama picha ilisema kweli. Kazi hiyo nilijua ipo. Sikujua kama ni mkono wangu mimi. Mwalimu ndiye kaniambia juzi, wakati naaga chuoni Morogoro."

Kisha ukasema, "Ukisema nibaki, nitabaki. Nitaomba kazi ya mifugo hapa hapa wilayani." Ukanawa mikono, ukaondoka mezani, na nyama ikabaki kwenye bakuli. Katika nyumba ya muuza nyama hilo si jambo la kawaida. Nilikaa nikiitazama ile nyama, nikaona kwamba hukuwa unatania.

Wacha nianze na kile ninachokielewa, nawe utanisahihisha. Unakumbuka siku uliyokuja likizo na ile picha ya tumbo la sungura? Ulinieleza hapa hapa buchani, wateja wamejaa, mimi nakata mbavu. Ulisema mwili una askari wake, wanaitwa kingamwili, na kila askari anamjua adui mmoja tu. Ninyi mnamchukua yule anayeujua uvimbe wa ini, mnambandika chembe ndogo ya mionzi, mnamdunga sungura sindano. Askari anatembea na damu mpaka anaufikia uvimbe, anaushika. Kamera iko nje ya mwili, inachoona ni mionzi tu. Pale mionzi inapojikusanya, ndipo uvimbe ulipo.

Nikasema, "Kumbe ni kumfunga kengele ng'ombe anayejua wenzake walikopotelea, halafu wewe unakaa juu ya kichuguu unasikiliza."

"Hivyo hivyo, baba," ukasema, na nikajisikia mtu mkubwa.

Masalu, yule mchimbaji anayekula maini kila akipata chochote, akadakia, "Dada, na hiyo dawa yako haiwezi kuijua dhahabu? Nipe chupa moja nikamwage shimoni, kwenye duara langu. Nachimba tangu mvua za mwaka jana, napata mawe tu."

"Dhahabu haina damu, kaka."

"Haina? Basi yangu imekwenda wapi?"

Watu wakacheka mpaka nikasahau ninamkatia nani. Ndipo ukanionyesha picha yenyewe. Mimi nikaitazama, nikafuta macho, nikakuambia mbele ya watu wote kwamba mwalimu wako ameigeuza. Ini liko upande huu, nikasema, na nyie mmeliweka upande ule. Mimi naona maini kila siku ya Mungu, nani atanidanganya kuhusu ini? Hukubishana. Uliichukua ile karatasi ukaipindua kichwa chini miguu juu, ukanirudishia. Na ini likawa mahali pake. Kumbe mimi tangu nianze kazi namwona mnyama akiwa amening'inia kwa miguu ya nyuma kwenye ndoano. Sijawahi kumwona akiwa kichwa juu na tumbo wazi. Masalu alinicheka mwezi mzima. Kila nikimpimia nyama anasema, "Baba Minza, igeuze kwanza."

Nilifurahi siku ile kuliko unavyodhani. Sikufurahi kwa kukosea. Nilifurahi kwa jinsi ulivyoipindua karatasi bila kusema neno, kama mama yako alivyokuwa akinigeuzia shati nililolivaa ndani nje.

Sasa nije kwa marehemu mama yako, maana najua jana yeye alikuwa mezani pamoja nasi.

Wewe ulikuwa bado na sare ya shule ya msingi alipoleta sungura nyumbani kule Didia tulikotoka. Watu walimshangaa. Sisi ni watu wa ng'ombe, mtu mzima anafugaje panya wenye masikio? Yeye hakuwauza wala hatukuwala. Aliwapa majina. Yule mnene aliyekula na kulala alimwita Diwani. Yule aliyekuwa anakimbia huku na huku bila kazi alimwita Karani. Na yule mweupe, Bibi Harusi, ulilala naye kitandani mpaka nikapiga kelele kuhusu viroboto. Kwa hiyo nilipokusikia ukisema sungura, sikusikia mnyama wa maabara. Nilimsikia Bibi Harusi. Nadhani hata wewe.

Alipoanza kuumwa, uvimbe chini ya mbavu za kulia, unajua tulivyohangaika. Mwisho tulifika kwenye ile hospitali wakasema watamfungua, wakikuta kivimbe watakikata. Wakamfungua, wakamshona. Jioni yule daktari kijana alikuja kitandani, akavuta kiti, akakaa. Madaktari wengi walikuwa wanasema na miguu ya kitanda huku wamesimama. Yeye alikaa. Akasema, "Mama, nilitegemea kukuta kimoja. Nimekuta vingi, siwezi kuvitoa. Nilikadiria vibaya."

Mama yako akamwambia, "Wabeja, baba." Kijana akaniangalia, hakujua Kisukuma. Nikamwambia, anasema asante.

Alipotoka, mama yako akasema, "Yule ana wazazi waliomlea." Na alipofika nyumbani, majirani walipokuja kumpa pole, akawaambia, "Walinifungua kama gunia la pamba mnadani. Wakatia mkono mpaka chini, wakaona si daraja la kwanza, wakashona." Shangazi yako alikasirika, akasema huo si utani wa mgonjwa. Lakini mgonjwa mwenyewe ndiye aliyekuwa anacheka, huku ameshika nyuzi ubavuni kwa sababu kucheka kulimwuma.

Hizo nyuzi ndizo ninazozikumbuka mimi. Uvimbe wenyewe ulimsumbua polepole. Kidonda kilimsumbua kila siku. Hakuweza kuinama kwenye banda, kwa hiyo wewe ulikuwa unamtoa Diwani na kumweka mapajani mwake, halafu unakwenda kumtoa Karani. Mara nyingi tangu uliponieleza kazi yako nimewaza hivi: wangekuwa na kamera ile, wangeviona vyote vile wakiwa nje. Sisemi angepona. Sitaki ujibebeshe hilo, na mimi sijibebeshi. Lakini wasingemkata. Muda aliobakiwa nao angeutumia bila kidonda, akainama mwenyewe kwenye banda lake. Kwangu hilo si dogo.

Nikueleze na jambo jingine nililokosea, maana linahusu kubaki kwako. Alipofariki nilidhani maumivu yamo ndani ya ile nyumba. Yamo kwenye kigoda chake, kwenye njia ya kisimani, kwenye banda. Nikaona dawa ni kuhama. Watu wakaniambia Geita kuna wachimbaji, na wachimbaji wanakula nyama, nikafunga mizigo. Tukafika hapa Kalangalala, hakuna kigoda, hakuna kisima, na maumivu yalikuwa yamekwisha fika kabla ya lori. Nikaanza kuyatafuta kwingine. Nikasema labda ni kazi, nikaongeza kazi. Nikasema labda ni usingizi. Kila nilipogusa paliuma, kwa hiyo kila mahali nilisema ndipo hapo.

Halafu siku moja ulikuwa unanieleza kuhusu kungoja. Ulisema picha ikipigwa mapema mno, ini lote linang'aa, kwa sababu askari wengi bado wanazurura kwenye damu, na ini lenyewe linawakamata hata ambao hawana kazi nalo. Mtu mwenye haraka atasema ini zima ni bovu. Kwa hiyo mnangoja. Damu inajisafisha siku kwa siku, mng'ao unapungua, na kinachobaki kinang'aa ni pale penyewe tu. Wewe uliendelea kueleza. Mimi nilikuwa na shoka mkononi, nikaliweka chini, ukaniuliza kama nimejikata. Nikasema hapana, endelea.

Sasa hivi nikijitazama, Minza, nimekwisha kupajua pale penyewe. Ni padogo. Ni pale ninaposikia kichekesho buchani, kama kile cha Masalu, nikakibeba njia nzima kumpelekea mama yako, na nikifika mlangoni nakumbuka. Hapo pataendelea kuuma, na nimepazoea. Sehemu nyingine zote ni nzima. Nakula, nalala, nina wateja wanaonitania, Jumapili nakwenda kanisani na kuimba vibaya kwa sauti kubwa. Kwa hiyo kama ndani ya lile neno la "nitabaki" ulificha baba yako, mtoe. Mimi si sababu.

Basi likabaki hilo la kuua. Watu wanaonunua kwangu hawafikirii, lakini wewe unajua: muuza nyama mimi sijawahi kumchinja ng'ombe hata mmoja. Mji una Waislamu na Wakristo na nyama yetu ni moja, kwa hiyo kisu cha shingo ni cha Mzee Ramadhani. Mimi nangoja nje ya ukuta wa machinjio mpaka aniite. Kazi yangu ni kuchuna na kufungua. Leo asubuhi nikaenda kabla ya kuitwa.

"Shikamoo, Mzee Ramadhani."

"Marahaba, Baba Minza. Mbona umeingia? Ninyi Wasukuma mmeanza kuhesabu steki ng'ombe akiwa anatembea?"

Unamjua, Mzaramo yule hawezi kumwona Msukuma akapita bila kumtania. Nikamwambia nimekuja na swali la Minza.

"Kama ni la posa, mwambie sisi Wazaramo hatuna ng'ombe. Tutaleta nazi."

"Anakwenda Ulaya kuua sungura."

Alicheka mpaka akashika nguzo. "Ulaya yote hiyo imekosa mtu wa kuua sungura mpaka wamchukue Geita?"

Nikamweleza. Uvimbe, mionzi, picha, halafu kumfungua ili kuhakikisha. Nilipofika kwa mama yako akaacha kucheka. Akakaa juu ya ndoo aliyoigeuza.

"Atawaua kwa kitu gani?"

"Sindano ya usingizi."

"Basi hao hawatajua. Hawa wangu wanajua. Ndiyo maana kisu sikinoi mbele yao. Nakinoa nyumbani, nakuja nacho nimekifunga kwenye kitambaa. Simchinji mmoja huku mwenzake anatazama. Na akitaka maji, namwacha anywe mpaka amalize. Wewe ukiwa kule nje unadhani nachelewa kwa uzee."

"Nilikuwa nadhani hivyo."

"Najua. Nakusikia unavyokohoa."

Nikamwuliza kama baada ya miaka yote hii amezoea. Akatazama mkono wake.

"Huu umezoea, na lazima uzoee, maana mkono unaotetemeka unamwumiza mnyama. Mimi mwenyewe bado. Nikirudi nyumbani sisemi na mtu mpaka ninywe chai. Mke wangu analijua hilo, haniletei hata habari za watoto." Kisha akasema, "Mwambie Minza asikinoe mbele yao. Kisu chake ni kipi atakiona mwenyewe akifika."

Halafu akarudi kuwa Ramadhani. "Na umwambie nyama ya hao sungura isipotee. Aa, wana mionzi! Basi wazikwe kwa heshima zote."

Hilo ni lake kuhusu kuua, na mimi siwezi kuliongezea. Langu ni kuhusu kufungua, kwa sababu hapo nina kidogo cha kukuambia.

Kuna mara nilinunua dume mnadani kwa kung'aa kwa manyoya yake. Kila aliyepita alilisifu. Kabla hata halijachinjwa nilikuwa nimekwisha kuwaahidi watu ini lake, Masalu wa kwanza, na mke wa mwalimu mkuu, na yule mzee wa Kihindi mwenye duka la vitenge ambaye huwa anamtuma kijana wake. Nilipolifungua, ini kwa juu lilikuwa zuri. Nikalishika na kulikuta gumu kidogo mahali fulani. Na nikajikuta, mwanangu, nalivuta taratibu kuelekea kwenye sahani bila kulikata. Hakuna aliyeniona. Nilikuwa nimekwisha kulipenda lile ini kabla sijalijua. Nikasimama kidogo, nikachukua kisu, nikalipasua, na minyoo ikatoka kwenye mishipa yake. Nikalitupa. Wote niliowaahidi wakanuna, na Masalu akanisimanga kwamba naona minyoo mpaka kwenye ndoto.

Nawe utakuwa na picha mkononi. Utakuwa umeingoja siku kadhaa, umeitazama, umemwonyesha mkubwa wako, labda mmefurahi pamoja. Utakuwa umeipenda. Halafu sungura atakuwa mezani, na ini litakuwa na neno lake. Pengine picha ilisema kimoja na ini likasema viwili. Pengine picha ilionyesha mng'ao na chini yake hapana kitu. Hapo ndipo mkono utataka kulivuta kwenye sahani bila kulikata.

Nimeuwaza ule usemi wako wa jana tangu jana. Ulisema utawaua. Mimi naona hivi: yule sungura atakuwa ametoa uhai wake ili ijulikane kama picha ilisema kweli. Ukilitazama ini lake sawasawa, ukaandika ulichokiona hata kama kinaiharibu picha yako, basi kile alichokitoa kimepokelewa. Ukikigeuza, ndiyo utakuwa umemuua tu. Kwa hiyo sikuombi ujikaushe moyo. Uende nao jinsi ulivyo, huo uliotoka mezani na kuacha nyama. Mtu ambaye hakumbuki sungura yeyote atamtazama yule wa kwanza kwa haraka. Wewe utamtazama vizuri.

Yule daktari kijana alitufanyia jambo moja ambalo halikumponya mama yako wala halikuziba kidonda chake. Alikaa kwenye kiti akasema alikadiria vibaya. Baada ya hapo tulijua tuko wapi. Mama yako alirudi nyumbani, akacheka na majirani, akakaa juani na Diwani mapajani, na wewe ulikuwa karibu naye. Siku zile zilikuwa nzuri, Minza. Nikizikumbuka sasa nazikumbuka kama siku nzuri.

Kama ukifika, ukasimama mbele ya meza ile, na mkono ukakataa kabisa, rudi. Kitanda chako kipo, na kazi ya mifugo wilayani haitakimbia. Hakuna atakayekucheka ila Mzee Ramadhani, naye humcheka kila mtu. Lakini uliniambia nikisema ubaki utabaki, na mimi silisemi neno hilo. Nenda, mayu, mama yangu. Baba yako amekuruhusu kwa moyo mweupe.

Ukiniandikia, usiniandikie siku ambayo picha na ini vimekubaliana. Hiyo watakuandikia wakubwa wako na kukusifu. Niandikie siku utakayofungua ukakuta picha imekosea, na ukawaambia hivyo. Barua hiyo nitaisoma kwa sauti hapa buchani, wateja wakiwa wamejaa, na atakayetaka nyama yake upesi atangoja mpaka niimalize.

Ni mimi baba yako,
ninayekupenda na kukuamini